Kisu chembamba cha mfukoni: Opinel au Victorinox?

Ndugu, kwa kuwa umesema unaishi Uingereza na unahitaji kisu cha kukunja cha kufungulia maboksi na kumenyea matunda, ningekushauri uangalie unene wa mpini kabla ya urefu wa ubapa, kwani unene ndio unaosumbua mfukoni unapoketi. Victorinox Cadet ya Uswisi, yenye mpini uliofunikwa kwa mabamba ya alumini, ina urefu wa milimita 84 ikiwa imekunjwa na uzito wa gramu 46 hivi, nayo hulala vizuri ubavuni mwa simu.

Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye mpini wa mbao na ubapa wa sentimita 8.5, ni nyepesi vilevile na, kwa maoni yangu, hukata tunda vizuri zaidi. Lakini mpini wake wa mviringo hutuna mfukoni. Tena sheria ya Uingereza huruhusu kubeba hadharani, bila kuhitaji sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 na ambacho ubapa wake haukazwi kwa kufuli ukishakunjuliwa, na namba 8 inavuka mipaka yote miwili, kwa sababu ubapa wake ni mrefu zaidi na ina pete ya kuukaza. Ukiwa umevutiwa na mbao, tafuta namba 5, ambayo haina pete hiyo, na uchague chuma kisichoshika kutu ikiwa huna subira ya kukifuta kila ukatapo limau. Mimi ningechukua Cadet, na safarini kwa ndege ningeiweka kwenye mzigo unaokabidhiwa.