Leseni tunayo, ithibati ya nini tena?

SWALI: Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya binafsi, Mafinga. Usajili tunao, leseni ipo ukutani, wakaguzi wanakuja. Sasa bosi anataka tutafute ithibati na kazi kaniachia mimi. Tofauti ni nini, na nianzie wapi? – Sista, Mafinga

JIBU: Pole na majukumu, sista.

Leseni ni ruhusa ya kufungua mlango. Ithibati mnaiomba wenyewe: taasisi huru inalinganisha kazi zenu na viwango vilivyoandikwa, na baadaye inarudi kuona kama bado mnavifuata. Usiichanganye na nyota ambazo Wizara ya Afya inavipa vituo, sifuri hadi tano, zilizoanza 2015. Maabara ina njia yake, ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, na SADCAS ya Gaborone, taasisi ya ithibati ya nchi za SADC, ni mojawapo ya wanaoitoa. Kwa kituo kama chenu ningeanza na SafeCare, mpango wa viwango vya ubora kwa vituo vya afya, maana mnapewa cheti cha ngazi mliyopo, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, kisha mnapanda.

Pa kuanzia? Si rangi ya ukuta wala mafaili mapya. Fungua jokofu la chanjo, usome chati yake ya joto. Niliwahi kukabidhiwa chati ya mwezi mzima: asubuhi nyuzi 4, jioni nyuzi 4, kalamu moja, mwandiko mmoja, hadi Jumapili ambayo umeme ulikatika tangu alfajiri. Ile ilikuwa insha.

Na huku kwetu Julai tatizo si joto. Mtu aliongeza ubaridi wa jokofu Novemba, akasahau. Usiku wa kipupwe chanjo ya pepopunda inaganda. Ikiyeyuka huwezi kuijua kwa kuitazama tu, lakini imekwisha kuharibika. Mkaguzi mzuri atauliza: siku joto lilipotoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, nani aliambiwa, mkafanya nini? Chati yenye nyuzi 1 iliyozungushiwa wino mwekundu, na maelezo chini yake, naiamini kuliko nyuzi 4 zilizopangana mwezi mzima.

Halafu ingieni kwenye 5S, hatua tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ilikuwa ya majaribio nchini kuanzia 2007, baada ya wenzetu kujifunza kwa Wasri Lanka. Ombeni mkaone. Nne za mwanzo mtazimaliza kwa wiki chache na picha mtapiga. Ile ya tano ndiyo inayowashinda wengi, hasa mganga mfawidhi akihama.

Jambo moja mwambie bosi kabla hajalipia ukaguzi. Kama zamu ya usiku ina muuguzi mmoja, huku mama anajifungua na kule mtoto anadegedeka, mwongozo wa kunawa mikono hautafuatwa hata ukibandikwa kila mlango. Aajiri kwanza.