Chuo cha "bure" Finland, ukweli wenyewe huu hapa

Wadogo zangu wa Tanga, tangu matokeo ya fomu siksi yatoke mmenijazia meseji, eti kweli Finland chuo ni bure na kuna ajenti anataka mumpe milioni 4 awapeleke. Nipo Tampere, huku huku Finland, mwaka wa sita huu, nawajibu bila kuficha.

Bure ipo ila sio yenu. Nchi yenyewe ina watu milioni 5 na nusu tu, vyuo vikuu 13 hivi na vyuo vikuu vya sayansi tumizi (vya vitendo zaidi) ishirini na kitu, na sehemu kubwa ya hela ya kuviendesha inatoka serikalini, yani kodi za watu, kwahiyo raia wao na wa Umoja wa Ulaya hawalipi ada hata senti. Sisi wa nje zamani tulisoma bure, kuanzia 2017 wakabana, digrii inayofundishwa kwa kiingereza unalipa, nyingi ni euro 8,000 mpaka 18,000 kwa mwaka. Phd bado haina ada. Digrii inayofundishwa kwa kifini nayo haina ila lugha yenyewe jamani, mimi mpaka leo nahangaika nayo.

Kitu nilichokipenda, serikali haigawi hela kwa kuhesabu vichwa darasani, inaangalia sana digrii ngapi zimemalizwa na tafiti zilizotoka, ndio maana ukizubaa unafuatwa. Mwaka wa pili nilikuwa na krediti (pointi za kozi ulizofaulu) 35 badala ya 60 za mwaka, nafanya usafi usiku asubuhi nalala, mwalimu mshauri akaniita, hakufoka, akafungua kompyuta tukapanga kozi moja moja mpaka jua likazama, saa 9 mchana hiyo, Disemba. Bila yule mama nisingemaliza. Na kantini msosi ni kama euro 3, viazi, samaki, saladi, mkate, serikali inachangia na sisi wageni tumo.

Skolashipu zipo za kufuta ada, ila nyingi kodi ya chumba na kula ni juu yako. Msije mkitegemea kazi, kibali cha kukaa cha mwanafunzi kinaruhusu kazi wastani wa masaa 30 kwa wiki lakini bila kifini kazi ni za kugombania.

Huyo ajenti msimpe kitu, maombi unafanya mwenyewe mtandaoni, ya pamoja (fomu moja kwa vyuo kadhaa) yanafunguliwa Januari. Na shamba la Muheza baba asiuze kwanza. Nitumieni vyeti vyenu wiki hii, jumamosi usiku nitapiga tuvipitie.