Tundu liko ubavuni mwa gego: lizibwe kwa kitu gani?

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitano. Gego langu la chini limetoboka ubavuni, pale linapogusana na jirani yake, karibu kabisa na ufizi. Nikila nyama au mhogo, chakula kinanasa humo. Kliniki wamenitajia aina tatu za ziba: amalgamu, kompositi na glasi ayonoma. Umeme wa huku nao haukai. Nichague ipi? (Msomaji, Kasese)

JIBU: Dada, amalgamu, ile ziba ya madini ya rangi ya fedha, iache kwa sasa. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumiwe, au isishauriwe, kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15, isipokuwa mganga wa meno akiona hapana budi. Kama unayo ya zamani kwenye jino jingine na bado nzima, usiiguse: kuichimba hutoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuiacha.

Kati ya zile mbili, kinachoamua ni mate. Kompositi, aina ya plastiki ngumu, ni imara na ina rangi ya jino, ila hushika pakavu tu. Tundu hupakwa asidi kama sekunde 15, huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha hujazwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja likimulikwa taa ya buluu kama sekunde 20. Mate au damu ikiingia katikati ya kazi hiyo, ukingo haushiki, na uozo huanza upya chini ya ziba bila wewe kuuona. Ufizi wa mjamzito huvuja damu upesi. Taa yenyewe mara nyingi ina betri, lakini umeme ukikatika mashine ya kunyonya mate husimama.

Kwa hiyo tungechagua glasi ayonoma, saruji ya meno ya unga unaochanganywa na kimiminika, ile nzito ya magego. Hushikana na jino lenyewe, huvumilia unyevu kidogo, hutoa floraidi na hukauka bila taa. Udhaifu wake ni kulika na kumeguka, hasa ubavuni. Ikishachanganywa lazima iingie tunduni ingali inang'aa. Ikififia itupwe, ichanganywe nyingine, maana iliyofifia haishiki na inaweza kutoka kipande kizima. Juu hupakwa vaselini. Usitafunie upande huo kwa saa moja, na vigumu viache hadi kesho yake. Ukishajifungua na ufizi kutulia, sehemu ya juu inaweza kupunguzwa na kufunikwa kwa kompositi.

Uliza pia kama watafunga bamba jembamba kuzunguka jino na kuchomeka kabari katikati ya meno. Bila hivyo ziba huvimbia ufizini au huacha mwanya, na nyama itaendelea kunasa vilevile.

Ganzi ikiisha ukahisi jino hilo linatangulia kugonga, rudi lisagwe kidogo. Ni kazi ya dakika chache. Lakini likipwita usiku bila kuguswa, mshipa wa ndani umeathirika, na hapo ziba peke yake haitoshi, iwe ya aina gani. Rudi mapema.