Maswali ya Wasomaji: Hela za Chini ya Meza kwenye Basketi ya Vyuo Marekani

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba vyuo vya Marekani sasa vinalipa wachezaji wao hadharani, basi barua zikamiminika. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha, na yule aliyeandika kurasa nne kutukana waamuzi wa NBA naomba atuvumilie, hiyo siku nyingine.

*Anko shikamoo. Nafuatilia sana basketi ya Marekani ila hiki kitu huwa kinanichanganya. Mchezaji wa chuo akipewa hela na mtu anayempenda, kosa liko wapi? Kwani kaiba? — Shabiki wa Pointi Tatu*

Marahaba. Hajaiba, na hapo ndo utamu wa stori ulipo. Kwa miaka mingi kitu ambacho kwa raia wa kawaida si kosa lolote kilikuwa kosa kubwa kwa kanuni za NCAA, hicho ndo chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kipo tangu 1906, na msimamo wake ulikuwa kwamba mchezaji wa chuo ni wa ridhaa, anapewa ada, malazi, chakula na vitabu, basi, kingine chochote anachopata kwa sababu ya kipaji chake ni haramu. Akibainika kapokea anaambiwa hana sifa ya kucheza, na timu iliyomchezesha inafutiwa ushindi hata kama miaka kumi imepita na kombe lina vumbi kabatini.

Sasa geukia upande wa pili. Mwaka 2010 NCAA ilisaini na kampuni za televisheni CBS na Turner mkataba wa kuonyesha mashindano ya Machi, miaka 14, dola bilioni 10.8. Makocha wakubwa wanavuta mamilioni. Kampuni za viatu zinavilipa vyuo ili timu nzima ivae nembo yao. Na yule anayerusha mpira? Mwaka 2014 Shabazz Napier wa UConn (chuo kikuu cha Connecticut), akiwa katikati ya mbio za ubingwa ambao aliubeba kweli, aliwaambia waandishi kuna siku analala na njaa, na siku chache tu baadaye NCAA ikaruhusu vyuo kulisha wachezaji bila kikomo. Mpaka staa wa mashindano aseme hadharani ana njaa!

Alafu kuna kanuni ya NBA, tangu drafti ya 2006 (drafti ni ile shughuli ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) lazima kijana awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa hiyo una mtoto wa miaka 18 ambaye kila mtu anajua mwakani atakuwa milionea, na leo mama yake anadaiwa kodi ya nyumba. Kipaji kina bei, mwenye kipaji haruhusiwi kukiuza, basi wanajitokeza watu wa kukiuza kwa niaba yake. Mawakala, washauri wa fedha, makocha wa timu za vijana za majira ya joto, matajiri wanaoipenda timu kupitiliza. Mimi nikiulizwa bahasha zilitoka wapi, nasema kanuni yenyewe ndo ilizizaa.

*Mhariri, kesi ipi ilikuwa kubwa kuliko zote? Mimi na jamaa yangu tumebishana, yeye anasema Michigan. — Wabishi Wawili*

Jamaa yako yuko karibu sana. Mwaka 1991 Michigan ilisajili vijana watano wa mwaka wa kwanza kwa mpigo, Chris Webber, Jalen Rose, Juwan Howard, Jimmy King na Ray Jackson, dunia ikawaita Fab Five, kaptura ndefu, soksi nyeusi, wakafika fainali 1992 wakafungwa na Duke, wakarudi fainali 1993 wakafungwa na North Carolina, ile mechi Webber aliita mapumziko wakati timu haikuwa na mapumziko yoyote yaliyobaki.

Kumbe pembeni kulikuwa na mzee mmoja wa Detroit, Ed Martin, fundi umeme mstaafu wa Ford, aliyekuwa anaendesha kamari ya namba kwenye viwanda vya magari. Mwaka 2002 alikiri mahakamani kwamba aliwakopesha wachezaji wanne wa Michigan jumla ya dola 616,000: Webber, Maurice Taylor, Robert Traylor na Louis Bullock. Hesabu ya Webber peke yake iliwekwa kwenye dola 280,000. Ona vizuri, katika wale watano maarufu ni Webber tu ndo yumo, wengine watatu walikuja baada yake, ila Fab Five nzima ndo ilibeba jina baya mpaka leo. Na serikali haikumfuata Martin kwa sababu ya basketi, ilimfuata kwa sababu ya kamari na kutakatisha fedha, basketi ilijitokeza tu katikati ya faili. Alifariki mwanzoni mwa 2003 kabla hajahukumiwa, Webber naye mwaka huohuo akakiri kosa la kudharau mahakama, baadaye akapigwa faini ya dola 100,000.

Chuo kikashusha mabango ya zile fainali mbili, NCAA ikaamuru Webber asihusiane na chuo chake mpaka 2013. Hapo sikubaliani nao. Ukishusha bango hurudishi hela za tiketi, hurudishi jezi zilizouzwa, hakuna shabiki aliyerudishiwa hata senti.

Ukitaka mfano wa chuo kupoteza hela kweli nenda kwa UMass (chuo kikuu cha Massachusetts) ya 1996. Marcus Camby alipokea hela na zawadi kutoka kwa mawakala, UMass ikafutiwa nusu fainali yake na kutakiwa irudishe mgao wake wa mashindano, ambao baadaye Camby mwenyewe aliufidia toka mfukoni, dola 151,617. Tayari alikuwa NBA, akaweza. Angevunjika goti je?

*Anko, adhabu gani ilikukera zaidi? Fupi tu.*

James Wiseman wa Memphis, 2019. Mwaka 2017 familia yake ilihamia Memphis na Penny Hardaway akampa mama yake dola 11,500 za gharama za kuhama, Hardaway wakati ule hata hakuwa kocha wa chuo, alikuwa kocha wa sekondari. Ila mwaka 2008 alikuwa amekichangia chuo cha Memphis dola milioni moja, kwa hiyo kwa kanuni za NCAA alihesabika ni mfadhili wa chuo milele na milele, na mfadhili haruhusiwi kumpa mchezaji kitu. Kijana akafungiwa mechi 12 na kuambiwa achangie dola 11,500 kwa shirika la hisani. Mtoto ambaye kwa kanuni zao haruhusiwi kuingiza hela! Akaondoka chuoni kabla adhabu haijaisha, 2020 akachaguliwa wa pili kwenye drafti.

*Habari za kazi. Nilisoma kwamba FBI iliwahi kukamata makocha wa vyuo. Sasa kama ni kanuni ya michezo tu, polisi wanaingiaje? — Mwanafunzi wa Sheria*

Swali zuri, na nadhani wewe utalifurahia kuliko wengine wote humu. Tarehe 26 Septemba 2017 waendesha mashtaka wa New York walitangaza kukamatwa kwa watu kumi, wakiwemo makocha wasaidizi wanne: Chuck Person wa Auburn, Lamont Evans wa Oklahoma State, Book Richardson wa Arizona na Tony Bland wa USC. Hapo ndani kulikuwa na mambo mawili tofauti, na watu huwa wanayachanganya.

La kwanza ni la makocha hao. Walipokea hela kutoka kwa mawakala na washauri wa fedha ili wawasukumie wachezaji wao, yaani mtoto anamwamini kocha kama mzazi, kocha anamwambia "huyu jamaa ni mtu mzuri, mpe hela zako akutunzie", kumbe kocha kashalipwa. Person peke yake alipewa zaidi ya dola 90,000. Hiyo mimi naiita rushwa mchana kweupe, aliyeuzwa ni mchezaji, na sina huruma nayo.

La pili ndo lenye utata. James Gatto, bosi wa Adidas upande wa basketi, pamoja na Merl Code na Christian Dawkins walishtakiwa kwa kupanga hela zifike kwa familia za wachezaji ili vijana waende vyuo vinavyovaa Adidas. Familia ya Brian Bowen iliahidiwa dola 100,000 ili aende Louisville. Sasa kumlipa baba wa mchezaji si kosa la jinai, kwa hiyo serikali ikajenga hoja kwamba aliyetapeliwa ni chuo, maana kilitoa skolashipu kwa mchezaji ambaye bila chuo kujua hakuwa na sifa tena. Yaani kampuni ya viatu inalipa ili chuo kipate mchezaji bora, na chuo kinaitwa mhanga! Baraza la mahakama likakubali Oktoba 2018, Gatto akahukumiwa miezi tisa, wale wawili miezi sita kila mmoja, na mahakama ya rufaa ikashikilia hukumu hiyo. Kisheria wamefungwa kihalali, sibishi. Ila miezi michache tu baada ya rufaa hiyo kushindwa, Julai 2021, mchezaji wa chuo kulipwa na kampuni ili atangaze kiatu kukawa ruksa.

Na mtoto mwenyewe? Bowen alisema hakujua lolote kuhusu hizo hela. Hakucheza hata dakika moja Louisville, akahamia South Carolina bila kucheza, akaishia Sydney Kings kule Australia kabla ya kuingia NBA kwa mlango wa pembeni.

*Kwa hiyo sasa hivi kila kitu ruksa? Rushwa imeisha? — Dada wa Kona ya Michezo*

Hapana dada yangu. Njia ilifunguliwa na kesi. Ed O'Bannon, bingwa wa UCLA 1995, alishtaki 2009 baada ya kujiona kwenye gemu la video bila kulipwa. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi ya Alston kwa kura 9 kwa 0 dhidi ya NCAA, ilihusu mafao ya kielimu tu lakini ukuta ulishapasuka, na wiki iliyofuata wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Alafu tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na vyuo kuruhusiwa kugawia wanamichezo wao wote mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Kinachokatazwa sasa ni kupita kiwango hicho kwa ujanja, ndo maana mkataba wowote wa nje unaozidi dola 600 lazima uripotiwe na kukaguliwa kama ni biashara ya kweli au ni mshahara uliovalishwa joho la tangazo. Tajiri wa timu akimlipa mchezaji dola laki tano kwa picha moja ya duka lake la matairi, watauliza. Kumhonga kocha ili amuuze mchezaji bado ni kosa la jinai kama zamani. Na ukiniuliza mimi, madalali wameongezeka badala ya kupungua, ila siku hizi wana kadi za biashara.

*Anko, angekuwa Hasheem Thabeet anacheza UConn leo, angekunja ngapi?*

Siwezi kukupa namba. Wakati wake, kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, kanuni ilikuwa skolashipu tu. Leo senta (yule mchezaji mrefu wa karibu na goli) wa urefu ule, anayezuia mipira vile, vyuo vingegombana. Ila angekutana na kikwazo kingine, na hicho nakieleza kwenye jibu la mama anayefuata.

*Mhariri, mwanangu anacheza vizuri na kuna bwana amejitolea kumpeleka Marekani kusoma na kucheza, anasema atakuwa mlezi wake na mambo ya hela nimwachie yeye. Nimwamini? — Mama wa Mchezaji*

Mama, nakujibu kwa kirefu maana hapa ndo penye hatari.

Kuna kijana wa Angola, Silvio De Sousa, aliyecheza Kansas. Kwenye kesi ileile ya Adidas, mtu wao mmoja alieleza mahakamani kwamba alimpa mlezi wa kijana dola 2,500. Mlezi, sio kijana, na hakuna aliyethibitisha kwamba kijana alijua. NCAA ikamfungia misimu miwili, baada ya rufaa wakamrudisha, lakini msimu mzima ulishamponyoka, na mwaka 2023 Kansas ikafutiwa ushindi 15 pamoja na nusu fainali ya 2018 kwa sababu alicheza. Mtoto alibeba mzigo wa sahihi ya mtu mwingine.

Pili ni viza. Mwanafunzi wa kigeni akiwa na viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo hivihivi, na mikataba ya matangazo inaweza kuhesabika ni kazi. Kanuni za NCAA zimelegea, za uhamiaji ziko palepale. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi (Kiswahili chake ni cha nyumbani kabisa), alikuwa mchezaji bora wa vyuo 2022 akiwa Kentucky, na ili aingize hela za matangazo alisubiri timu iende Bahamas Agosti ile, akafanya kazi hizo kule nje ya ardhi ya Marekani. Wenzake Wamarekani walisaini wakiwa wamekaa bwenini.

Kwa hiyo usimwachie huyo bwana mambo ya hela. Muulize analipwa na nani, na kama kuna timu au kampuni inayomgharamia iandikwe. Usisaini ulezi wa kisheria kabla wakili wako, sio wake, hajausoma. Ofa ya skolashipu idai itoke chuoni moja kwa moja, kwa barua ya chuo, na kabla mtoto hajapokea hata jozi ya viatu aulize kwa maandishi ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hicho, jibu lao alitunze. Huyo bwana akikasirika kwa maswali hayo, tafuta njia nyingine ya kumpeleka.