Barua kwa mwanangu: nani adurusishe nani

Langoni, Lamu

Mwanangu Mwanaisha,

Huku sote wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza: nusu ya darasa la mwaka wa kwanza hapo Malindi wameanguka uhasibu, idara imekukabidhi mpango wa wanafunzi kusaidiana, nawe hujui ushike upi: mmoja kwa mmoja, kikundi, au wawili wawili.

Wangekuwa wachache, ningekwambia mmoja kwa mmoja. Hapo msaidizi hatoi jibu. Humwacha mwenzake afanye swali huku akisema kila anachoandika. Ndipo utamsikia mtu kauza bidhaa kwa mkopo, naye anadebiti fedha taslimu, kana kwamba kalipwa papo hapo, badala ya mdaiwa. Urari, yaani ulinganisho wa jumla ya debiti na krediti, utakaa sawa vilevile, na kwenye karatasi hutashtuka. Lakini njia hii hula saa nyingi za wasaidizi, na wanaoihitaji zaidi huona haya kuja, au huja usiku wa kuamkia mtihani.

Nusu ya darasa ikianguka, tatizo ni somo. Shika kikundi, kwa mpango ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, Marekani, mwaka 1973. Wao huchagua somo gumu, si mwanafunzi dhaifu: darasa zima hualikwa, basi hakuna wa kunyooshewa kidole. Kiongozi ni mwanafunzi aliyekwisha lifaulu somo hilo, na huhudhuria tena mihadhara ili ajue mwalimu kasema nini wiki hii. Halafu huitisha kikao kila wiki. Weka chenu mara tu baada ya kipindi, chumba kilekile. Wa Mambrui na Gongoni hawatangoja matatu zikiwapita.

Kinachoharibu vikao hivi ni chaki. Kiongozi akishaishika, anahutubu, na wenzake wanapata mhadhara wa pili kutoka kwa mtu ajuaye kidogo kuliko mwalimu. Mwenye swali ndiye aende ubaoni. Kiongozi akiulizwa, arudishe kwa wote: "Nani ana hili kwenye daftari lake?" Kisha ahesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno, wengi hushindwa na ukimya huo. Wakizidi wanane, gawa kundi, maana wa nyuma wataanza kunakili tu. Na kazi ya kutolewa alama isiguswe kabisa, mtaitwa wadanganyifu.

Wawili wawili iwe nyongeza ya kikao. Kila mmoja atunge maswali matano na majibu yake, wabadilishane, wasahihishane. Ni rahisi mno, ila wasiojua wawili hukubaliana kosa wakaondoka wamefurahi. Majibu yapitiwe na mwalimu kwanza.

Usimchague kiongozi kwa alama pekee. Mpe swali moja umwone akimsikiliza mwenzake anayekosea. Akimkatiza, tafuta mwingine.

Nitumie kwa simu muhtasari wa kozi na karatasi ya mtihani uliopita, nikupangie maswali ya wiki mbili za mwanzo.

Mamako