Mizigo imepitishwa Dodoma: na Bunge au na malori?

SWALI: Naishi Ihumwa, Dodoma. Nilisoma kichwa cha habari, "Mizigo ya Burundi yapitishwa Dodoma", mwenzangu akacheka kwamba hapa kinachopitishwa ni bajeti. Mwandishi amekosea? Na hii "mizigo ya transiti", inayopita tu nchini kwenda nchi nyingine, tuiiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Hajakosea, ila kachokoza mwenyewe. Kupitisha ni kufanya kitu kipite, kiwe muswada au lori. Tatizo ni kwamba kwenye mji wa Bunge, maana ya kuidhinisha ndiyo inayotangulia masikioni. Ningeandika "yapitia Dodoma", habari ikaisha.

Kauli ya kutendea ina faida kubwa hapa, nasi tunaisahau. Mzigo unapitia Dodoma, Singida na Nzega hadi mpakani Kabanga. Mwenye mzigo naye anaupitishia bandari ya Dar es Salaam. Lakini kila siku nasoma "Burundi inapitisha mizigo yake kupitia bandari ya Dar es Salaam": kupita mara mbili katika sentensi moja! "Inapitishia mizigo yake Dar es Salaam" inatosha kabisa. Halafu hiyo "ya Burundi": tuseme ni mashati yaliyoshonwa China, ni ya Burundi kwa kuwa aliyeyanunua yuko Bujumbura. Penye utata, andika "iendayo Burundi".

Kuhusu transiti, wapo wanaopendekeza "mizigo ya mpito". Mimi silipendi. Mpito tumeuzoea kwenye serikali ya mpito, yaani hali inayogeuka kuwa nyingine. Kontena la Bujumbura haligeuki chochote. Ni mpita njia. Linafungwa sili, wala halilipiwi ushuru wa forodha wa Tanzania, ili mradi livuke mpaka. Kwa msomaji wa kawaida "mizigo ya kupita" inaeleweka vizuri. Kwenye hati za forodha iacheni transiti, ni istilahi ya kisheria. Madereva nao hawakutusubiri: gari linaloendeshwa kwenda kusajiliwa nchi jirani ni "gari la IT" (kifupi cha "in transit"), na hakuna anayeuliza zaidi.

Jambo moja hukuliuliza, ila linanikera. Ukiitaja Kongo pamoja na Rwanda na Burundi, usiseme "nchi zisizo na bahari". Kongo ina kipande cha pwani kwenye Atlantiki. Mfanyabiashara wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anakuja Dar es Salaam kwa sababu huko kwao pwani ni mbali mno. Sema "nchi jirani".