Kukimbia Kili (Kilimanjaro Marathon) ya kilomita 42, halafu nusu marathoni wiki mbili baadaye?
Hapana, si kwa kushindana. Kama umeshalipia, nenda ukakimbie mdogo mdogo, spidi ya kupiga stori, saa uiache nyumbani. Maumivu kuisha siku ya nne au ya tano hakumaanishi misuli imepona. Na Kili ina lake: kinachoharibu zaidi si kupanda mlimani kuelekea Mweka, ni kule kuteremka kurudi Moshi. Kila mguu unapotua, misuli ya mbele ya paja inanyooshwa huku imekaza, na hapo ndipo nyuzi zake zinachanika.

Kipimo cha wakongwe ni siku moja bila kushindana kwa kila maili ya mbio, yaani siku 26 baada ya marathoni, ambayo ni maili 26 na kidogo. Jack Foster, mkimbiaji wa New Zealand, ndiye anayetajwa nacho, na alichukua medali ya fedha ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola 1974 akiwa na miaka 41. Si sayansi kamili, ila kwa sisi tunaotoka kazini ndo tukafanye mazoezi, ningeongeza siku, sio kupunguza.

Ukibonyeza muundi pakauma sehemu moja tu, usikimbie kabisa. Nenda hospitali ukapige picha ya mfupa.